Saa za Kwenda Moscow

Benchi letu lipo Maili Moja, nyuma ya duka la ushirika, na anayelikalia lazima awe na la kusema hata kama hajui kitu. Asubuhi moja, mwaka wa sabini na sita, Mwinyijuma alikuja akakaa bila kugusa kahawa. Bintiye Swaumu alikuwa amepanda ndege jana yake jioni kwenda Moscow kusomea udaktari, na mkewe Biasha amekataa kufagia. Kwao msafiri akiondoka ufagio hauguswi mpaka afike, asije akafagiliwa na njia yake. Mwinyijuma alidai anataka kujua kama ndege imeshafika ili ua ufagiwe. Uongo mtupu. Alikuwa anamwogopea mwanawe.

— Ni mwendo wa saa ngapi huo, jamani?

Wa kwanza kujibu alikuwa Gregori. Tulimwita Ramani, maana ofisini kwao ipo moja kubwa ukutani.

— Nimepima kwa rula. Moscow iko juu, sisi tuko chini. Ndege inapanda njia nzima, kwa hiyo saa kumi na mbili. Kurudi itateremka yenyewe, rubani kazi yake breki tu.

Salumu, mstaafu wa reli ambaye jina lake hapa ni Reli, akaguna.

— Wewe umepima karatasi. Mimi nimefanya kazi stesheni ya Kwala. Garimoshi linasimama mpaka mwenzake apite. Ndege nayo hivyo hivyo.

— Inasimama wapi, mzee? Ramani akauliza.

— Mawinguni. Unadhani yale yaliyotulia yametulia bure?

Nami sikukubali kupitwa. Nikawaambia dunia inazunguka, hivyo rubani mwenye akili anapaa juu kidogo, anatulia, anasubiri Moscow ije chini yake. Reli akataka kujua mafuta yote yale ni ya nini. Nikamwambia ya kuchemshia chai ya abiria. Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika, isipokuwa Mwinyijuma.

— Nambieni tu kama amefika.

Basi tukachukua saa za Ramani za kupanda, tukaongeza za Reli za kupishana, tukapunguza zangu za dunia kuzunguka. Tukaafikiana kwamba Swaumu ameshuka alfajiri. Mwinyijuma akashusha pumzi, akainua kikombe chake kwa mara ya kwanza. Hapo hapo Biasha akatokea upande wa dukani.

— Shikamoo mama, Ramani akamwamkia.

— Marahaba, baba. Nasikia huku mmeshamfikisha.

— Tangu alfajiri, mama Swaumu, Mwinyijuma akajibu kwa furaha.

— Alhamdulillahi. Amepokelewa na nani?

Tukatazamana. Ramani akashughulika na kamba za viatu vyake. Mwinyijuma, aliyemfungia mtoto mizigo na kumsindikiza hadi uwanjani, akasema polepole kwamba hilo hakumuuliza.

Biasha hakumgombeza. Alijitanda kanga yake vizuri, akakaa katikati yetu, kwenye benchi ambalo mwanamke hajawahi kulikalia. Reli akammiminia kahawa. Sote tukawa tunamfikiria Swaumu amesimama huko Moscow na mizigo yake.