Chuma cha Mguuni mwa Brashi

Ndugu waombolezaji, mimi dada mkubwa wa marehemu ndiye niliyepewa kuisoma karatasi hii, na yaliyomo wifi yangu, mjane, ameyakubali yote, hata yale mnayonong'onezana hapo nyuma.

Marehemu, fundi rangi mliyemzoea kwa jina la Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, akajifunza kupaka rangi, na tarehe 6 Agosti 1977 akafunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1984 alimuaga mkewe kwamba anakwenda kupaka shule ya mbali, akarudi baada ya miezi mitatu anachechemea, akasema ameteguka. Ukweli ni kwamba aliruka ukuta wa nyumba ya mshona nguo mmoja, ambaye leo hayupo hapa, msigeuze shingo, akavunjika mguu, akawekwa chuma hospitalini, na uji nilimpelekea mimi.

Januari 2018 alianza kutoka damu chooni, daktari akakuta saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mkubwa, akaagiza kipimo cha MRI kionyeshe uvimbe umefika wapi kabla ya kuamua matibabu. Mashine hiyo ni sumaku, kwa hiyo kwanza unaulizwa kama una chuma mwilini, na mkewe alikuwa amekaa pembeni yake. Mara mbili Brashi akakataa kuingia, akidai anaogopa kufungiwa, wiki nane zikapotea. Tarehe 9 Aprili nikaitoa kadi ya hospitali niliyoificha sandukuni miaka thelathini na minne, nikampa mpiga picha, akasoma aina ya chuma, akasema hakizuii kitu. Brashi akainamisha kichwa. Wifi akamvua saa ya mkononi, akamwambia, "Baba watoto, mguu huo nimelala nao miaka yote hii, ulidhani chuma hicho sikigusi? Ingia."

Picha ilionyesha uvimbe umepenya ukuta wa puru na kufika kwenye tezi za jirani, hivyo hakupasuliwa kwanza, alipewa mionzi na dawa hadi ukanywea, ndipo Septemba akapasuliwa, akapata miaka mitano ya kupanda ngazi na ndoo yake. Mwaka 2023 ugonjwa ulirudi kwenye ini, na tarehe 3 Mei 2024 akafariki nyumbani, mkewe akiwa ameushika mguu ule ule.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, yule mpiga picha aliyeuliza bila kuchoka, majirani na mafundi wenzake. Wiki zile nane bado zinaniuma, maana kadi ilikuwa kwangu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, huna tena cha kuficha.