Papa Séverin Lotika, aliyechagua vijana wa kafi mezani kwao

Tarehe 31 Desemba 1957, Papa Séverin Lotika anaweka chini kafi lake baada ya miaka ishirini na saba katika huduma ya mitumbwi ya wagonjwa hapa Kisangani. Kwa miaka kumi na tisa, yeye ndiye aliyechagua vijana wa kuvusha wagonjwa kutoka Lubunga hadi hospitali ya ng'ambo. Tulipomwambia tutaandika wasifu wake, alikataa. Akasema haingii ukumbini siku ya kuagwa kusikia sifa kama tutaficha habari ya Novemba 1954. Bon, Papa, hatutaficha. Lakini sifa utazisikia vilevile, upende usipende.

Alipofika kutoka Isangi mwaka 1930, vijana walichaguliwa kwa misuli: ukiinua gunia la mchele, umepita. Wengi walikuwa na nguvu kweli, na wengi walitoroka kabla ya mvua kubwa. Papa Séverin alipopewa kazi ya kuchagua, gunia akaliacha. Mtihani wake ulikuwa Jumapili, mezani kwa familia ya kijana. Alikula lituma, ndizi zile za kupondwa, na samaki, akasikiliza. Kama baba ndiye aliyesifu kazi, kofia na sare, jina lilifutwa. "Mutoto hapana sema, ni baba tu iko nasema," alituambia Jumatatu, na mambo yakaisha. Kama kijana mwenyewe aliuliza mgonjwa analazwa wapi, na maji yakipanda inakuwaje, alipita, hata akiwa mwembamba namna gani. Nguvu, alisema, mto utazileta; hamu lazima mtu aje nayo. Kina mama wa Lubunga walimpenda pia kwa tumbo lake, maana hakuna sahani aliyoirudisha na kitu. Hivyo ndivyo tulivyompata Faustin, tukampata Benoît, na wengine ambao hadi leo wako kazini.

Meza moja tu hakuisikiliza: ya kwake. Émile, mwanawe, alipiga kafi vizuri kuliko wote, lakini alitaka kushona nguo. Mama Agathe alimwambia mumewe waziwazi. Papa akaongea peke yake jioni nzima juu ya uzuri wa kazi ya mtumbwi, kisha akaliandika jina la Émile kwa mkono wake mwenyewe.

Novemba ile mto ulikuwa umejaa. Mtumbwi ulibeba wapiga kafi wanne na mama mmoja aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya mto, gogo liliwagonga ubavuni. Watatu waliendelea kupiga. Émile aliweka kafi chini, akashika ukingo kwa mikono miwili, akalia kwamba kazi hii si yake. Watatu hawakuuweza mkondo. Mtumbwi uliteremka mbali, saa mbili zikapotea, na mtoto akazaliwa humo mtoni, amekufa. Mama alipona.

Wengi walitaka Émile aadhibiwe. Papa Séverin aliandika katika ripoti kwamba kosa ni la aliyechagua, si la aliyechaguliwa. Akaomba arudishwe kwenye kafi, akakaa mahali pa mwanawe mwaka mzima, mzee wa miaka hamsini na mbili, akitoka jasho kati ya vijana. Émile sasa ana cherehani karibu na soko, na sare zetu anazishona yeye. Baadaye wakubwa walimrudishia Papa kazi ya kuchagua. Alikubali, lakini kucheka nasi kama zamani, hapana.

Mama yule anaitwa Clothilde, ni mke wangu. Mimi Pierre, karani wenu, ndiye baba wa mtoto yule. Nilikuchukia, Papa, mwaka mzima. Ulijua, na kila asubuhi ulinisalimu. Chuki hiyo imekwisha, na ninasema mbele ya wote. Asante kwa kila mgonjwa aliyefika salama. Nenda Isangi na Mama Agathe, upumzike, ulale usingizi mzuri. Hayo ndiyo tunayokuombea sote.

Tangu siku ile Clothilde hajakanyaga mtumbwi. Sasa ana mimba ya miezi minane, na ameniagiza niandike hivi: siku yake ikifika atavuka, lakini vijana wa kafi uwachague wewe, Papa, kabla hujaondoka.