Jiko la Admirali Limegoma

Basi bwana, asubuhi hiyo Admirali alifika kijiweni na jiko la jua kichwani, akalitua mbele ya benchi kwa kishindo. Benchi lenyewe liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, muuza kahawa na birika lake pembeni, na wenye benchi ni watatu: Admirali mwenye kiboti cha kubeba mchanga mtoni, Kinyozi, na fundi redio waliyempachika jina la Waya. Jiko ni sanduku la bati lenye kioo juu na kifuniko kinachong'aa, cha kurudisha jua ndani. Miaka yote Admirali alilisifia: kwenye boti yenye petroli huwashi moto, lakini unaweka maharage asubuhi, mchana unakula. Sasa tangu amzike mkewe, maharage yanatoka kama yalivyoingia. Alikuwa amekonda, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

— Leo naliuza chuma chakavu, akasema. Limegoma. Nashinda na njaa humo botini kama sina kwetu.

— Kioo hicho, akasema Waya. Umekiosha?

— Nimekiosha mpaka najiona.

— Ndiyo hapo sasa! Ukijiona wewe, na joto nalo linajiona, linaona haya, linatoka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo? akauliza muuza kahawa.

— Kimeingia. Wewe mimina.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Jua lenyewe siku hizi si lile. Hizo setilaiti huko juu mnadhani zinakula nini? Zinakula jua. Zikishiba, sisi tunaachiwa makapi.

— Makapi ndiyo yaliyonichoma upara jana? akauliza muuza kahawa.

— Hilo ni jua la upara, ndugu yangu. La maharage ni lingine.

Wakacheka. Admirali naye akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatika, maana aliyekuwa akizichekea sana porojo za Kinyozi alikuwa mkewe.

— Mimi nasema linaomboleza, akasema Waya. Msinicheke! Mjomba wangu alipofiwa, redio yake ilikataa stesheni zote, ikabaki kushika ya matangazo ya vifo. Wahenga walishasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani? akauliza Kinyozi.

— Jiko!

— Limlilie kwa lipi? akasema Admirali kwa uchungu. Hata hakuwa na kazi nalo. Alikuwa anakaa tu pale mbele ya boti, kando ya jiko, na mwavuli wake. Nikamwambia, mwenzangu una raha, jua linakupikia. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto, basi nikawa namtania kwamba nimeoa wawili kwa mahari moja.

Hapo akatokea binti mnunua chuma chakavu na mkokoteni wake, ambaye hawakuwahi kumwona mtaani.

— Shikamooni wazee. Nimesikia kuna jiko linauzwa. Ndilo hili?

— Marahaba. Ndilo. Pima, ulichukue.

Binti akainama, akalizunguka. Nyuma ya sanduku palikuwa na kishikio cha chuma, kimezungushiwa kitambaa cha bluu, kimeliwa na jasho mpaka kimekuwa cheusi.

— Hiki kitambaa cha nini?

— Chuma kinaunguza, akasema Waya.

— Najua kinaunguza. Nauliza nani alikuwa anakishika. Boti si inageuka, na jua nalo linatembea? Nani alikuwa analigeuza?

Kinyozi akashughulika na wembe wake. Muuza kahawa akainua birika angalau ajaze kikombe cha mtu, birika likawa tupu. Admirali alikuwa ameshakitambua kile kitambaa. Ni cha gauni la mkewe, lile alilosema limeisha, na yeye akamjibu kwamba nguo haiishi kwa kukaa. Akapeleka mkono wake kwenye kishikio. Ulikuwa mkono wa kulia.

— Mzee? akasema binti taratibu. Alikuwa nani?

Machozi yalimshuka Admirali mbele za watu, hakuyafuta.

— Mimi nilikuwa nakula tu, mwanangu, akasema. Nilikuwa nakula tu.