Sungura wa Nyanzala na Mbolea ya Kupandia

Kijiwe cha kahawa nyuma ya stendi ya Mpanda kina benchi moja lililopinda katikati, na wanaolikalia hawajawahi kushindwa na mada. Siku hiyo mada aliileta Machibya, mfugaji, mtu wa maneno machache, aliyefika hata salamu hakuitikia vizuri. Binti yake Nyanzala, anayesoma mambo ya maabara huko Morogoro, alikuwa amempigia simu asubuhi akaongea maneno ambayo mzee wa watu hakuambulia kitu. Alichotaka Machibya ni kimoja tu: aambiwe kama mwanaye yuko salama, au apande basi akamrudishe nyumbani.

— Hebu rudia alivyosema, — alisema Felisiani, mwenye duka la pembejeo. Kijiweni wanamwita Mbolea.

Machibya akarudia kama alivyokariri. Kuna kingamwili, imetoka kwa sungura. Kazi yake kuisaka protini moja inayopeleka ujumbe mwilini. Ila haiikamati mpaka hiyo protini iwe imebeba fosfeti. Isipobeba, inaiacha ipite hivi hivi. Na ya Nyanzala imegoma, kila akijaribu haionyeshi kitu.

— Fosfeti ni mbolea ya kupandia, — Mbolea alisema, kifua mbele. — Mtoto kahamia kilimo, hajakuaga.

Machibya akauliza mbolea inaingiaje mwilini mwa mtu. Akajibiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na benchi zima likatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyeona ufa wala ukuta.

Yotham wa bodaboda, anayejiita Intelijensia, akaja na lake. Kupeleka ujumbe, kubeba kitu, kukamatwa: nyie hiyo mnaiita shule? Protini ni jina la mtu, tena mtu wa magendo. Sungura ndiye yuko getini. Protini akipita mikono mitupu anaachwa, akiwa na mzigo anadakwa.

— Sasa huyu wa mwanangu mbona amegoma? — Machibya aliuliza taratibu.

— Kala rushwa. Sungura tangu hadithi za bibi hajawahi kuwa mwaminifu. Mficha uchi hazai, mzee.

Mbolea hakukubali kupitwa. Akasema neno lenyewe ni kinga, na kinga ni zindiko, kwa hiyo binti kapelekwa kwa mganga. Machibya akashika kichwa. Alikuja na woga mmoja, sasa anao wa magendo na wa uganga juu yake, na kahawa hata hajaigusa.

Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, Skolastika, anasubiri gari la Majimoto. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Wakati binti yako anayasema hayo kwenye simu, alikuwa analia?

Mbolea akamtazama Yotham, Yotham akatazama pikipiki yake. Machibya alifungua mdomo ajibu. Sungura alimkumbuka, fosfeti aliikumbuka, kila neno alilishika lisimponyoke. Sauti ya mtoto hakuwa ameisikiliza.