Mwalimu Mikono Nyuma

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani mliojaa uwanja huu mpaka nje ya uzio, historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, ambaye ulimi wake, kama mikono yake, ni mzito tangu kuzaliwa, na ingawa baadhi ya wanafamilia walipendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba binamu mwenye sauti nzuri amsomee, marehemu aliacha agizo kwamba asome yeye, tena aachwe amalize mwenyewe, kwa hiyo mnaombwa mkae vizuri, shughuli itachukua muda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchoma matofali na mama mshona nguo. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaendelea na sekondari ya wasichana, na kila aliporudi likizo alimkuta huyu mdogo wake kwenye mkeka ule ule, analishwa, anavishwa, anajibiwa maswali ambayo bado hajamaliza kuyauliza, kwa kuwa nyumba nzima ilimpenda na hakuna aliyekuwa na subira naye. Likizo ya Desemba 1969 alimpa shati, akaweka mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo, akamwambia, "Funga vifungo, mimi nipo," mama alipokuja kusaidia akazuiwa mlangoni, chai ikapoa, kifungo cha mwisho kikaingia tundu lisilo lake, na dada mtu akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Shati lilivaliwa hivyo hivyo upande mpaka jioni.

Alihitimu chuo cha ualimu tarehe 30 Novemba 1972, baadaye akasomea elimu maalumu, na tarehe 8 Januari 1979 alikabidhiwa kitengo cha watoto wenye ulemavu, yaani alikabidhiwa stoo iliyojaa madawati mabovu na ahadi kwamba yangehamishwa. Akaomba yaachwe. Watoto viziwi, watoto wenye ulemavu wa akili, na wale ambao mikono au miguu haikuwatii, walijifunza kupima, kukata na kupigilia kwa madawati hayo, naye akizunguka kati yao mikono nyuma, ndipo akapata jina mlilomjua kwalo.

Tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi seremala aliyekuja kufundisha katika stoo hiyo iliyokuwa imegeuka karakana, mtu ambaye viganja vilimwasha kila alipoona msumari wa mwanafunzi umepinda, na hayati huyo, aliyetangulia mwaka 2014, alipenda kutania kwamba hata pete alimvisha kwa kusubiri ruhusa. Walijaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva na mwalimu wa useremala, na wote watatu wanalalamika mpaka leo kwamba hawakuwahi kufungwa kamba za viatu.

Tarehe 5 Oktoba 1984 alikuja mgeni rasmi kuamua kama kitengo kifungwe, na mwalimu msaidizi, kwa hofu, akamalizia kwa siri kiti cha binti kiziwi tuliyemwita Randa. Marehemu alikitambua mara moja, akang'oa misumari mbele ya wageni, akasema, "Mheshimiwa, hiki si chake. Subiri chake." Mkuu wa shule akatamani ardhi ipasuke, wageni wakanong'ona, na Randa, ambaye minong'ono haikumhusu, akafanya kazi yake bila haraka mpaka jua likapinduka. Mgeni akakalia kiti, akajiyumbisha kwa makusudi, kiti kikagoma, akauliza kama anaweza kuondoka nacho, na Randa akamkatalia kwa ishara, kwa sababu kilikuwa hakijapigwa msasa. Kitengo hakikufungwa, kikawa chuo cha ufundi, na mafundi wake wamejaa katika maduka na karakana za mji huu.

Februari 2022 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, nasi sote tukamkimbilia na vijiko, akatutazama kwa lile jicho la darasani. Randa, ambaye sasa ndiye mkuu wa karakana, alimkuta wodini akihangaika na kifungo cha gauni, akaweka mikono nyuma, akasimama machozi yakimtoka, mpaka kifungo kikaingia. Marehemu alifariki tarehe 3 Juni 2023, asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kunywa chai katika kikombe alichokishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojifunza kumsubiri, majirani waliopika na kulala hapa, walimu wenzake, na mafundi waliotengeneza viti mlivyokalia, ambavyo hakuna hata kimoja kilichoyumba. Na msomaji anawashukuru ninyi nyote, kwani kila neno lilipomkwama aliona midomo yenu ikicheza, akaona na mikono ikirudi nyuma, na hakuna aliyemmalizia. Dada, mdogo wako amemaliza mwenyewe, sasa pumzika kwa amani.