Ulinifundisha Kinyume

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Chiriku: [mkwaruzo] ...mimi.

Dada: Mimi nani? Paza sauti, hapa kuna mashine.

Chiriku: Mimi, Dada. Chiriku.

Dada: Namba hii si yako.

Chiriku: Ni simu ya mama wa mavazi wa hapa kwenye filamu. Namba yangu umeifungia.

Dada: Na nilijua ninachofanya. Haya, kwaheri —

Chiriku: Usikate! Shikamoo.

Dada: Yaani shikamoo imekuja mbio baada ya kuona nataka kukata. Marahaba. Sema upesi, nina nusu saa ya chakula na robo yake nimeshaila.

Chiriku: Uko kazini?

Dada: Ulidhani niko wapi, natembea kwenye zulia jekundu? Niko dobini, napiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi. Mashine imeniunguza mkono. Uliza lingine.

Chiriku: Bado umekasirika. Kwa sababu ya redio.

Dada: Redio ipi?

Chiriku: Dada, usinifanyie —

Dada: Aa, ile ya Jumapili! Ile ambayo wenzangu waliifungulia sauti mpaka mwisho, wakaniita, "Njoo, njoo, mdogo wako anahojiwa"? Nikaacha shuka kwenye mashine nikakimbia, nikasimama katikati yao kama mama wa bibi harusi. Ile?

Chiriku: Yule mtangazaji alinibana na maswali, mimi —

Dada: Alikuuliza swali moja. Nani alikufundisha kucheza. Ukamjibu, "Nilijifundisha mwenyewe, mbele ya kioo cha kabati." Kabati! Kwetu kulikuwa na kabati? Nguo zetu zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda.

Chiriku: Ni maneno ya redioni tu. Watu wanapenda kusikia —

Dada: Hicho kioo ni mimi! Kioo gani kilikufunga kamba za viatu? Kioo gani kilikubeba kutoka ukumbi wa ngoma miguu imevimba, unakojoa usingizini mgongoni kwangu?

Chiriku: Jamani, Dada.

Dada: Wenzangu walinyamaza wote. Mmoja akaenda akapunguza sauti polepole, hakunitazama. Ndiyo heshima uliyoniletea.

Chiriku: Nisamehe.

Dada: Sijasikia.

Chiriku: Mtandao unasumbua —

Dada: Mtandao mzima. Sauti yako ndiyo imeshuka.

Chiriku: Nimesema nisamehe! Umeridhika? Sasa nisikilize na mimi, maana sikupiga kuomba radhi.

Dada: Nilijua. Wewe hujawahi kupiga simu bure.

Chiriku: Leo mchana tunarekodi ile ngoma. Filamu nzima imesimama juu ya hiyo ngoma. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa mhusika mkuu, unajua hilo?

Dada: Nitajuaje? Mimi mtu wa mashuka.

Chiriku: Bila shaka. Hujawahi hata kuangalia kazi yangu moja.

Dada: [anacheka] Mimi? Tangazo la sabuni, uliishika ile sabuni kwa kucha mbili kama imetoka chooni. Yule mfanyakazi wa ndani, walikupa maneno matatu, "Chai iko tayari," ukayasema kama unatangaza vita. Ukacheza maiti, ukapumua.

Chiriku: Sikupumua!

Dada: Shuka lilipanda! Mimi nashinda na mashuka, utanidanganya mimi? Halafu yule mke mwenza mwenye roho mbaya...

Chiriku: Enhe? Yule naye?

Dada: Yule ulimcheza sawasawa. Nilikuchukia mpaka nikazima televisheni.

Chiriku: Hiyo ni sifa?

Dada: Ni taarifa. Endelea, muda unakwenda.

Chiriku: Ngoma hiyo siiwezi.

Dada: Ati nini?

Chiriku: Siiwezi, Dada. Na wewe ndiye unayejua kwa nini.

Dada: Tangu lini mcheza ngoma tangu tumboni akashindwa ngoma? Si ulisema hivyo pia redioni?

Chiriku: Wamekileta kikundi cha ukumbini kwetu. Kile kile. Wasichana ishirini, safu nne, na mimi mbele yao. Ngoma ni ile ile tuliyoicheza kwenye mahafali na harusi zote. Nikasema, hii nitaicheza hata nikilala. Muziki ukaanza, wote wakaenda kulia. Mimi nikaenda kushoto.

Dada: Kushoto?

Chiriku: Nikadhani wamekosea wao. Ishirini, Dada! Nikasimamisha kazi, nikawafokea mbele ya watu.

Dada: Uliwafokea?

Chiriku: Usicheke.

Dada: Sijacheka.

Chiriku: Leo siku ya nne. Nikijaribu kugeuza, miguu inagongana. Nikienda polepole naweza, ngoma ikichanganya mwili unarudi kule kule ulikozoea. Jana nimemwangukia binti wa watu, ametegua kifundo. Mwongozaji amesema leo ndiyo mwisho. Mwenzangu wa kuchukua nafasi yangu ameshaitwa, yuko nje kwenye benchi, amepakwa poda, na mama wa mavazi ninayetumia simu yake ndiye anayepunguza gauni langu kiunoni limtoshe yeye. Limtoshe yeye, Dada! Nalitazama hapa linashonwa.

Dada: Pole.

Chiriku: Sitaki pole. Ulinifundisha kinyume.

Dada: Nilikuwa mtoto. Nilikufundisha nilivyoweza.

Chiriku: Ulikuwa na miaka kumi na tatu.

Dada: Na kumi na tatu si mtoto? Nilitoka shule, nikateka maji, nikapika, ndiyo nikusimamishe wewe uani nikuoneshe hatua. Leo ndiyo shukrani. Asante ya punda —

Chiriku: Mwalimu amekuja.

Dada: Mwalimu gani?

Chiriku: Mwalimu wa ukumbini. Amekuja na kikundi. Anatembelea fimbo, lakini kichwa chake kizima. Jana alinitazama mara moja tu, akasema, "Kumbe dada yako hakukupa mgongo."

Dada: [mkwaruzo] ...sikusikii.

Chiriku: Unanisikia vizuri. Alisema alikuambia mara tatu. Ukimfundisha mdogo wako nyumbani mpe mgongo, akufuate kwa nyuma, ili kulia kwako kuwe kulia kwake. Mkitazamana atakuiga kinyume, na akishazoea hatoki. Mara tatu! Ulimjibu nini?

Dada: [mashine zinanguruma]

Chiriku: Uko?

Dada: Nipo. Mtu anapita na toroli.

Chiriku: Ulimjibu nini?

Dada: Nilimjibu sawa, Mwalimu.

Chiriku: Halafu ukaja nyumbani —

Dada: Halafu nikaja nyumbani, nikasimama mbele yako tukatazamana.

Chiriku: Ulisahau.

Dada: Sikusahau.

Chiriku: Sema ulisahau! Nakupa nafasi, Dada. Sema ulisahau, yaishe.

Dada: Sikusahau, Chiriku. Ulikuwa na miaka saba. Hatua iliyonichukua mimi mwezi, wewe uliipata jioni moja, huku unatafuna ukosi wa gauni. Hukuwa hata unajali! Nikaona, huyu atanipita. Nikasema haya, apite, lakini asiweze kucheza na mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi.

Chiriku: Dada...

Dada: Umeuliza, nimekujibu.

Chiriku: Mungu wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dada: Ndiyo. Tena mimi ndiye niliyekuwa nakuvisha.

Chiriku: Nilikuwa nakuamini kuliko Mama! Ukisema ruka, naruka. Ukisema lala njaa ili uwe mwepesi, nalala njaa. Kumbe unanitia kilema!

Dada: Kilema kimekupeleka mpaka kwenye sinema. Angalia wenye miguu mizima wako wapi.

Chiriku: Usinigeuzie maneno!

Dada: Na tulipendeza, usikatae. Mimi huku, wewe kule, uso kwa uso. Watu wakadhani ni mtindo wetu, hata Mwalimu akanyamaza akatuacha. Miaka miwili. Halafu mimi nikarefuka.

Chiriku: Hilo nalo kosa langu?

Dada: Nilirefuka kama mlingoti. Watu wakaanza kucheka tukitoka, mrefu na kidonge. Mwalimu akaniweka pembeni, nikaenda kukaa na wazazi kwenye viti, nikiwa na miaka kumi na tano. Wewe akakuacha katikati ya jukwaa peke yako. Na mtu akicheza peke yake, nani atajua kulia kwake kuko wapi? Wote walikupigia makofi.

Chiriku: Na wewe?

Dada: Mimi nini?

Chiriku: Ulipiga?

Dada: Mama alikuwa ananitazama. Nilipiga.

Chiriku: Na miaka yote hii umekaa kimya unasubiri nianguke.

Dada: Sikuwa nasubiri. Nilikuwa napiga pasi.

Chiriku: Una roho mbaya, Dada. Nakuambia wazi. Nilimcheza yule mke mwenza nikidhani namtoa kichwani, kumbe nimekulia naye chumba kimoja.

Dada: Basi nikudai sehemu yangu ya malipo. Umemaliza?

Chiriku: Sijamaliza! Nina — [sauti kwa mbali] Nakuja! Dakika moja tu, nakuja! Dada, wananiita.

Dada: Nenda.

Chiriku: Niende nikafanye nini? Nikaanguke mbele ya yule wa kwenye benchi?

Dada: Kwani ulinipigia nifanye nini?

Chiriku: Omba ruhusa, uje. Panda pikipiki. Usimame nyuma ya kamera, unitazame kama zamani, labda miguu... sijui. Nitaweza nikikuona.

Dada: Siji.

Chiriku: Mchuma janga hula na wa kwao! Ulilichuma wewe, nalila mimi peke yangu?

Dada: Msimamizi wetu hajui janga, anajua mashuka. Siji, Chiriku. Na nikija utaninyooshea kidole useme yule ni nani? Wa kufua?

Chiriku: [mkwaruzo] ...wewe...

Dada: Eeh? Sema.

Chiriku: Nimesema sitakusahau kwa hili.

Dada: Vizuri. Sasa nyamaza, nisikilize, maana nitasema mara moja. Hao wasichana wamepangwa vipi? Wanatazama kamera?

Chiriku: Wanatazama kamera, na mimi mbele yao natazama kamera.

Dada: Yaani umewapa mgongo.

Chiriku: Ndiyo.

Dada: Geuka.

Chiriku: Nigeuke wapi?

Dada: Watazame wao! Ishirini wakutazame wewe, wewe uwatazame wao, uso kwa uso. Wakienda kulia kwao, wewe kushoto kwako, mnakwenda upande mmoja. Si ndivyo tulivyocheza mimi na wewe? Usigeuze hatua hata moja. Cheza hivyo hivyo ulivyozoea.

Chiriku: Uso kwa uso...

Dada: Umenielewa?

Chiriku: Ngoja. Nafanya hapa... wao huku... mimi... Mama wa mavazi, hebu simama hapo. Inua mguu wa kulia. Wa kulia, mama! [vishindo vya miguu] Dada.

Dada: Enhe.

Chiriku: Inakwenda.

Dada: Najua inakwenda.

Chiriku: Lakini kamera itapiga mgongo wangu! Mara yangu ya kwanza kuwa mkuu, halafu watu walipie tiketi waone kisogo?

Dada: Waisogeze! Kamera imeota mizizi? Iwekwe pembeni, ikuone wewe na wao pamoja.

Chiriku: Mwongozaji ni mkali, hasikii la mtu. Amepanga safu zake tangu wiki iliyopita.

Dada: Yule wa kwenye benchi ameshavaa gauni?

Chiriku: Wanamfunga vifungo.

Dada: Basi huna la kupoteza. Ingia kwa kishindo, mwambie hii ngoma ndivyo ilivyo, ndivyo ulivyofundishwa. Usiombe, mwambie. Akikataa, mwite Mwalimu aseme.

Chiriku: [sauti kwa mbali] Nimesikia! Naja! Dada, salio la huyu mama linaisha, simu imeshanionya mara mbili.

Dada: Kengele yangu ya kazi pia imelia. Haya.

Chiriku: Subiri! Akiniuliza nimefundishwa na nani?

Dada: Na nani?

Chiriku: Haraka, Dada! Nimjibu nini?

Dada: Mwambie umefundishwa na mtu aliyekuwa anakuonea wivu.

Chiriku: Na sasa?

Dada: Sasa nini?

Chiriku: Bado unanionea?

Dada: Kila siku iendayo kwa Mungu. Toka, wasimpe mwingine nafasi yako.

[Simu inakatika.]