Mwalimu wa Foleni ya Sukari

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na waliochelewa ibada kwa sababu ya foleni, nao waseme amina. Mnanifahamu, mimi ni Mama Anande, mpiga chapa wa ofisini, nakaa hapa hapa Kariakoo, upande wa Msimbazi. Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenifungua kifungo cha hofu.

Binti yangu Anande alimaliza darasa la saba, asichaguliwe kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache mno, hilo nalijua, lakini moyo wa mama unasikia hilo? Mimi na mume wangu tulitoka Kilimanjaro na elimu yetu tu, ndiyo iliyotupa kazi na nyumba. Sasa mtoto wetu wa pekee atakula nini tukishaondoka duniani? Nilikonda. Chakula kilinishinda. Kila mama aliyepita na mtoto wa sekondari nilimwona ananicheka, kumbe maskini anawahi basi lake. Nikafunga, nikaomba, nikamwambia Bwana, kama si mlango huo wa sekondari, basi mwingine siujui.

Anande nikawa namtuma duka la ushirika kushika foleni. Mnaijua desturi yetu: unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda zako, zamu yako haiguswi. Lakini yule mtoto akienda asubuhi, kurudi ni jioni. Nikasema moyoni, haya, uzururaji umeshaanza.

Jumamosi moja tukasikia sukari imefika. Nikaenda mwenyewe, kikapu mkononi, hasira kifuani. Nikamkuta binti yangu amechuchumaa mchangani na kijiti chake, kina mama na watoto wao wamemzunguka. Anawafundisha kusoma! Bi Mwanaidi, bibi muuza vitumbua wa mtaani kwetu, alikuwa anafuatisha herufi kwa kidole, anaunga jina lake mwenyewe. Mara mlango wa duka ukafunguliwa. Ndugu zangu, mlango wa sukari ukifunguliwa mnajua huwa inakuwaje! Watu wakaanza kuinuka. Bi Mwanaidi hakuinua hata kichwa.

"Sukari itangoja," akasema. "Mwalimu hajamaliza."

Wakakaa. Wote! Nikalia pale pale, katikati ya mawe na vikapu. Bwana alikuwa ameshafungua mlango siku nyingi, na mimi nimeupa kisogo. Na sukari tuliipata, kila mtu kwa jiwe lake.

Wale kina mama hawakuishia hapo. Walimwandama balozi wetu wa nyumba kumi mpaka akampeleka Anande kwa wakubwa wa elimu. Wakati ule watoto wote walikuwa wanaingizwa shule na walimu hawatoshi, serikali inachukua vijana waliomaliza la saba wafundishe huku wakijifunza ualimu. Akapokelewa! Leo ana darasa lake Magomeni, anaamkiwa "Shikamoo mwalimu" hadi sokoni. Na mimi hofu imenitoka kabisa. Nakula mpaka mume wangu analalamika.

Ndugu yangu uliyeketi hapo, mwanao amekosa nafasi na usingizi umekuruka, nakusihi umtumaini huyu Mungu. Weka jiwe lako mbele zake, kisha nenda kafanye kazi zako. Zamu yako hailiwi.